Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Nyumba ya mama yangu hapa Cheptiret ina vyumba viwili vilivyojengwa kwa bima ya ukosefu wa kazi ya Marekani. Mwaka 2020 nilikuwa nikiishi katika jimbo moja la katikati mwa nchi ile. Kazi yangu ilikatika, serikali ikanilipa, nami nikazitumia pesa hizo kama ambavyo angezitumia mtoto yeyote wa Uasin Gishu aliye ng'ambo. Nililipa kodi ya nyumba, nikanunua chakula, nikatuma nyumbani kilichobaki. Huku nyumbani kikageuka mawe, saruji na mabati. Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimesharudi na kutulia, ofisi ileile iliyonilipa ikaandika kwamba inataka pesa zake.

Naandika kisa hiki kwa sababu najua si changu peke yangu. Katika barabara hii ya kutoka Burnt Forest hadi Eldoret, ni nadra kukuta familia isiyo na mtu Marekani, awe mwanariadha, muuguzi, mwanafunzi au dereva. Baadhi yao walipata barua kama yangu na hawakumwambia mtu. Naandika pia kwa ajili ya walimu, wafanyakazi wa kaunti na familia za wastaafu ambao hawajawahi kupanda ndege, lakini siku moja wanaambiwa kwamba mshahara au pensheni waliyolipwa ilizidi na inatakiwa kurudishwa. Anayeidai ni ofisi nyingine, lakini hofu ni ileile, na njia ya kujiokoa ni ileile.

Kwanza nieleze pesa zenyewe, maana hapa Kenya hatuna bima ya namna hiyo. NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, iliwekwa kwa ajili ya uzee. Ukipunguzwa kazini, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliotumikia, na baada ya hapo ni wewe na jamaa zako. Marekani imekuwa na bima ya ukosefu wa kazi tangu Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935. Waajiri hulipa kodi, kila jimbo huendesha mfuko wake, na anayepoteza kazi bila kosa lake hupokea malipo ya kila wiki kwa muda fulani. Watu wa aina yangu walikuwa nje ya mpango huo. Niliendesha gari langu mwenyewe nikibeba abiria walioniita kupitia programu ya simu, wengi wao wa kwenda uwanja wa ndege, na wikendi nilifanya saa chache katika nyumba ya kutunzia wazee. Mshahara wa wikendi haukutosha kuniingiza katika bima ya kawaida, na kuhusu udereva, sheria ilinihesabu kuwa mfanyabiashara, si mwajiriwa.

Korona ilipofunga viwanja vya ndege, ikanifunga na mimi. Tarehe 27 Machi 2020 rais wa Marekani alitia saini sheria iitwayo CARES, ambayo ilianzisha mpango wa PUA kwa ajili ya waliojiajiri na wengine ambao bima ya kawaida haikuwafikia. Juu ya malipo hayo, kila aliyekuwa akipokea aliongezewa dola 600 kwa wiki hadi mwisho wa Julai. Mwisho wa Desemba mwaka uleule nyongeza ilirudi, safari hii dola 300. Kwa bei ya wakati ule, dola 600 zilikuwa karibu shilingi 64,000. Tulikuwa tukihofia kwamba janga lingekausha pesa zinazotumwa nyumbani, lakini Benki Kuu ya Kenya ilihesabu zaidi ya dola bilioni 3 zilizotumwa na Wakenya wa ng'ambo mwaka huo, nyingi kuliko za mwaka uliotangulia. Sehemu ndogo ya hizo ni vyumba viwili vya mama.

Pesa zilitoka kwa haraka, kupitia kompyuta ambazo katika majimbo mengi zilikuwa za zamani sana, na wezi wakaziona. Mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba udanganyifu ulimeza kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135 za malipo ya wakati wa janga. Baada ya hasara ya namna hiyo ilikuwa lazima majimbo yarudi kwenye mafaili. Yalipoanza kupekua, hayakuwakuta wezi peke yao. Yalikuta pia watu waliolipwa kihalali lakini karatasi zao zimepotea, watu waliopangwa katika mpango usio wao kwa kosa la karani, na watu ambao kompyuta iliwapigia hesabu vibaya. Wote hao walipelekewa barua zenye maneno yanayofanana.

Yangu ilifika kwenye nyumba niliyokuwa nimeihama. Binti ya shangazi, aliyebaki pale, aliifungua, akaipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp. Nilikuwa langoni asubuhi, baridi ikiwa kali kama ilivyo kawaida ya Cheptiret, nasubiri pikipiki ya kuchukua maziwa. Picha ilikuwa imepinda na kidole chake kimeziba pembe moja, lakini jumla ilisomeka vizuri: zaidi ya dola 8,000.

Jioni ile nikawaambia watu wa nyumbani, na nikapewa ushauri wa aina mbili. Ndugu yangu alisema, "Dada, hao watakufuata hapa na nini? Badilisha laini ya simu, waache waandike mpaka wachoke." Mama alinyamaza muda mrefu. Yeye ni wa kizazi kilichoona majirani wakichukua mikopo ya kulima ngano, mvua ikakataa, na dalali akaja kuuza trekta la mtu mbele ya watoto wake. Hatimaye akasema, "Mama, dawa ya deni ni kulipa. Tuuze ng'ombe wawili tuanze."

Nimeufikiria ushauri huo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu nimewasikia watu wengine wakiurudia kwa maneno mengine. Mmoja anasema kimbia, mwingine anasema lipa sasa hivi. Zinaonekana kuwa njia mbili zinazopingana, lakini zimeanzia mahali pamoja. Zote zinaichukulia barua kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Anayekimbia anaikimbia hukumu, na anayelipa anaitii. Hakuna kati yao aliyeuliza kama kweli pesa hizo zinadaiwa, kiasi gani, na kwa hesabu ipi.

Kukimbia kuna gharama ambayo haionekani kutoka Cheptiret. Muda wa rufaa ukipita bila neno kutoka kwako, dai ambalo lingeweza kupunguzwa au kufutwa linakuwa deni kamili. Jimbo linaweza kulikata kwenye marejesho ya kodi ya jimbo na kwenye malipo ya bima utakayostahili baadaye. Kibaya zaidi ni pale ambapo ukimya wako unaiachia ofisi peke yake iamue kama ulikosewa hesabu au ulidanganya. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa mno. Kwa sheria ya shirikisho, dai likiitwa udanganyifu linaongezewa faini isiyopungua asilimia 15, mlango wa msamaha unafungwa, na serikali ya shirikisho inaruhusiwa kukamata marejesho yako ya kodi ili kulilipa. Aliyezidishiwa kwa kosa la ofisi hapaswi kuachia jina lake liandikwe katika safu hiyo kwa sababu tu hakujibu.

Kulipa kwa hofu nako kuna gharama yake. Ukishalipa na siku zikapita, hakuna atakayerudi kukuambia kwamba hesabu ilikuwa na kasoro. Mama yangu ni mtu mwaminifu, na methali yake ni ya kweli, lakini inahusu deni. Tulichokuwa nacho mkononi wakati ule kilikuwa ni dai.

Nikamwomba binti ya shangazi anipigie tena picha za kurasa zote, mbele na nyuma, juu ya meza, mchana. Nawasihi wote wanaopata barua kama hii wafanye hivyo kabla ya jambo lolote lingine, kwa sababu ukurasa wa kwanza umejaa jumla na vitisho, na yanayoweza kukusaidia yako nyuma. Nyuma ndiko kulikoandikwa haki ya rufaa na siku zake. Kila jimbo lina siku zake. Iowa hutoa siku 10, Texas 14, Michigan 30. Siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama wewe uliisoma wiki mbili baadaye ukiwa upande mwingine wa dunia. Kwa hiyo nilituma rufaa kwanza, sentensi chache tu. Niliandika kwamba sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, wenye namba fulani, kwamba naomba kusikilizwa, na kwamba naomba nakala ya kumbukumbu zote ambazo uamuzi huo ulizitegemea. Sikueleza maisha yangu. Ushahidi ungefuata baadaye, na siku zisingenisubiri.

Ndipo nikakaa na jedwali. Lilikuwa na safu nne: wiki iliyoishia tarehe fulani, kiasi ulicholipwa, kiasi ulichostahili, kiasi kilichozidi. Dai lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, wiki zote za kuanzia mwisho wa Desemba 2020, kwa maelezo kwamba sikuleta ushahidi wa kujiajiri. Ni kweli kwamba sheria mpya ya tarehe 27 Desemba 2020 ilianza kudai ushahidi huo, lakini niliupeleka, na nilikuwa na ujumbe wa kuthibitisha kwamba umepokelewa. Pili, wiki mbili ambazo nyongeza ya dola 300 ilionekana kulipwa mara mbili, pamoja na malipo mengine ya wakati huo. Tatu, robo ya mwaka ya Aprili hadi Juni 2020, ambayo walisema nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee bila kutaja mshahara.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonishtua, kwa sababu Aprili na Mei nyumba ile ilikuwa imewafungia nje wafanyakazi wa muda, kwa kuhofia kuwaambukiza wazee. Nilirudi Juni tu, na wiki za Juni nilizitaja zote. Nikaitazama safu ile ya mshahara tena na tena mpaka nikaona jambo ambalo lingeonekana hata na mtoto wa darasa la nne. Kiasi kilikuwa kilekile, mpaka senti, katika wiki zote 13. Hakuna mfanyakazi anayelipwa kwa saa ambaye mshahara wake unalingana mpaka senti kwa wiki 13 mfululizo. Mwajiri alikuwa ameripoti jumla ya robo ya mwaka, kama sheria inavyomtaka, na mtu au kompyuta ikaigawanya kwa 13. Pesa nilizozifanyia kazi Juni zikatawanywa nyuma hadi Aprili, na mimi nikageuka mtu aliyeficha mshahara wa wiki ambazo nilikuwa nimekaa nyumbani.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hesabu ya namna hiyo imewaumiza watu wengi mno kuliko mimi. Nchini Australia, kuanzia mwaka 2016, serikali ilitumia mfumo ulioitwa Robodebt. Ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka ofisi ya kodi, ukayagawanya sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili, na pale yalipotofautiana na aliyoripoti mtu mwenyewe, ukamwandikia deni. Zaidi ya watu 400,000 walidaiwa pesa ambazo sheria haikuruhusu wadaiwe. Serikali ililazimika kurejesha na kufuta madeni hayo, na ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotolewa Julai 2023 iliulaani mpango mzima. Huko Michigan, kati ya mwaka 2013 na 2015, kompyuta iliyoitwa MiDAS iliwatuhumu takriban watu 40,000 kwamba walidanganya kupata bima ya ukosefu wa kazi. Faini ilikuwa mara nne ya kiasi kilichodaiwa. Jimbo lenyewe lilipokagua kesi ambazo kompyuta iliziamua bila mkono wa binadamu, lilikuta asilimia 93 zilikuwa na makosa. Mwaka 2022 lilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi ya walioonewa, lakini kufikia wakati huo wako waliokuwa wameshatangaza kufilisika.

Nasimulia hayo kwa sababu yalinitoa aibu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiongea juu ya barua ile kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshikwa. Nilipojua kwamba serikali mbili zenye wataalamu na mawakili wote wale zilikosea kwa namna ileile, nikaacha kunong'ona. Nikamwambia na ndugu yangu aache kusema tutajificha.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya karatasi. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu lilikuwa limetawanyika katika nchi mbili. Kampuni ya programu ya abiria ilikuwa bado imehifadhi fomu ya 1099 ya mapato yangu, nikaipakua. Mtu aliyekuwa akinijazia kodi alinitumia nakala ya fomu za mwaka 2019 na 2020, zinazoonyesha biashara ya udereva. Nyumba ya wazee niliiandikia barua pepe kuomba stakabadhi za mshahara za kila wiki badala ya jumla ya robo mwaka, na mhasibu wao akazileta bila matata. Taarifa za benki nilikuwa nazo. Kijana wa saiba pale njia panda ya kwenda Chuo Kikuu cha Moi aliziskani zote, tukazipa majina kwa tarehe, tukaandika orodha ya ukurasa mmoja mbele. Jaji anayesikiliza kesi nyingi kwa siku hana muda wa kutafuta. Orodha inayosema ukurasa wa 6 unaonyesha hakuna mshahara wa Aprili inafanya kazi kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Usikilizaji ulikuwa kwa simu. Saa nne asubuhi kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni kwetu. Dakika chache kabla ya simu kuita, mvua ya Agosti ikaanza kupiga mabati kiasi kwamba nisingeweza kusikia hata mtu aliyekaa kando yangu, basi nikakimbilia kwenye gari la ndugu yangu nikafunga vioo. Jaji aliniapisha kwa simu. Akauliza kelele ile ni ya nini, nikamwambia ni mvua, niko Kenya, akasema nikishindwa kumsikia nimwambie naye atarudia. Ofisi inayonidai ilikuwa na mwakilishi. Jaji alimwuliza mshahara wa kila wiki wa Aprili ulitoka wapi. Alijibu kwamba umetoka kwenye ripoti ya mwajiri. Jaji akauliza kama ripoti ile ni ya wiki au ya robo mwaka. Kukawa kimya, kisha akasema ni ya robo mwaka. Nikaelekeza kwenye kurasa zangu. Nilizungumza Kiingereza, lakini ningependa kila msomaji ajue kwamba katika usikilizaji wa namna hii anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila kulipa chochote, mradi aombe mapema. Mtu mzima asiyeelewa vizuri swali hapaswi kulijibu chini ya kiapo.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Sehemu ya robo ya mwaka ilifutwa. Ushahidi wa kujiajiri ulikubaliwa, na wiki zile zikaondolewa. Kilichobaki ni malipo yaliyotoka mara mbili na mengine ya wakati huo, jumla ikiwa chini kidogo ya dola 1,900. Nilipitia taarifa za benki nikaziona: pesa ziliingia, kisha zikaingia tena. Hizo sikustahili. Wakati ule nilikuwa nimeuliza kwa ujumbe kwenye akaunti yangu na sikupata jibu, kwa hiyo kosa halikuwa langu, lakini pesa hazikuwa zangu pia.

Hapa kuna mlango wa tatu, tofauti na rufaa na tofauti na kulipa, nao ni msamaha. Kwa pesa za mipango ya janga, sheria iliruhusu majimbo kusamehe malipo yaliyozidi kama mpokeaji hakuwa na kosa na kama kuzirudisha kungekuwa dhuluma. Mwongozo wa Wizara ya Kazi ya Marekani ulitaja hali ambazo dhuluma hiyo inaonekana: mtu ataingia katika dhiki ya pesa akilipa, au kwa kutegemea malipo yale aliacha haki fulani ama alibadilisha maisha yake kwa hasara, au mazingira kwa ujumla yanafanya madai yenyewe yasikubalike mbele ya dhamiri. Mwaka 2022 mwongozo huo ulipanuliwa ili majimbo yaweze kusamehe makundi mazima ya watu kwa makosa fulani ya ofisi. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto watatu ambaye mshahara wake ulikwisha kabla ya mwezi kwisha, aliomba na akasamehewa. Mimi nilisoma masharti yale nikaona hayanihusu. Nilikuwa na kipato, na pesa nilijua zilikotoka. Nikaomba kulipa kwa awamu.

Kulipa kutoka Cheptiret kulinifunza jambo ambalo halikuandikwa kwenye barua yoyote. Deni lilikuwa la dola. Nilipopokea pesa zile, dola moja ilikuwa shilingi 106 au 110 hivi. Nilipoanza kulipa, mwishoni mwa mwaka 2023, ilikuwa imepita 150, na Januari 2024 ikagusa 160. Dola 1,900 zilizokuwa kama shilingi 200,000 zilipoingia mkononi zilidai karibu shilingi 300,000 zilipotoka, bila riba hata ya senti moja. Halafu kuna kodi. Kama ulikubali ikatwe asilimia 10 ya kodi ya shirikisho kwenye malipo yako, dai linahesabu kiasi kizima kabla ya makato, pamoja na pesa ambazo hazikuwahi kukufikia. Fikiria basi tungeuza ng'ombe wawili siku ile ya kwanza, na wengine baada yao, ili kulipa dola 8,000 kwa bei hiyo. Awamu zilinisaidia. Kufikia Aprili 2024 shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola ikashuka hadi kama 130, na malipo ya mwisho yaliniumiza kidogo kuliko ya kwanza.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema hayo ni ya Marekani. Lakini tangu habari yangu ijulikane, waliokuja kuniuliza wengi ni watu wa hapa hapa. Yuko mwalimu aliyepandishwa daraja, mshahara ukapanda, kisha akaambiwa tarehe ya kupandishwa ilikosewa na sasa atakatwa. Yuko mjane ambaye pensheni ya mumewe iliendelea kuingia benki baada ya mazishi, akaitumia kwa karo akidhani ni haki yake, kisha ikaja barua. Nao pia walifika wakiwa na shauri moja kati ya yale mawili, kukaa kimya au kukopa ili walipe mara moja.

Sheria za Kenya hazijawaacha watu hawa bila ngao. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata pesa alizomlipa mfanyakazi zaidi kwa makosa, lakini makato yote kwa pamoja hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ifike nyumbani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maamuzi ya kiutawala yaliyo ya haki na ya haraka, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria ya mwaka 2015 ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala inaeleza namna ya kulitekeleza hilo. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi lake ndani ya siku 21. Kwa hiyo mwalimu yule anaweza kuandika kuomba hesabu ya mwezi kwa mwezi, kuonyesha alilipwa ngapi, alistahili ngapi, na tarehe ipi ilitumika. Anaweza kuomba makato yagawanywe kwa miezi mingi zaidi. Mjane anaweza kueleza hali yake na kuomba mpango wa malipo kabla benki haijaguswa.

Wanaohitimu hapa jirani katika Chuo Kikuu cha Moi wakiwa na mikopo ya bodi ya HELB wako katika jambo lilelile kwa upande mwingine. Wao hawakuzidishiwa chochote; walikopa na wanajua. Lakini wengi wanamaliza chuo, kazi haionekani, na wanaona haya kuiandikia bodi kwamba hawana kipato. Faini ya kutolipa imekuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nayo huongezeka juu ya mtu aliyenyamaza sawasawa na juu ya mtu anayekwepa. Barua moja ya kueleza hali yako, na nakala yake ukaiweka, ni nafuu kuliko mwaka wa kimya.

Nina jambo moja pia kwa wanaotuma barua hizo, awe karani wa Nairobi, wa Eldoret au wa jimbo la mbali. Mtu uliyemlipa alikuamini. Alichukua pesa kwa sababu ofisi yako ilisema ni zake, na akazitumia kwa wakati wa shida uliokusudiwa. Kabla ya kumwandikia jumla kwa herufi nzito, mwonyeshe hesabu katika ukurasa wa kwanza, kwa lugha anayoisoma, na umpe siku zinazomtosha kutafuta karatasi. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Raia asiachiwe yeye kugundua, usiku, kwa taa ya simu, kwamba mshahara wake uligawanywa kwa 13.

Kwako uliyepokea barua leo: hakikisha kwanza kwamba imetoka kwa ofisi yenyewe na si kwa matapeli, kwa kupiga namba uliyoitafuta mwenyewe na si iliyoandikwa kwenye ujumbe. Soma upande wa nyuma. Kata rufaa ndani ya siku ulizopewa, hata kwa mistari mitatu. Omba kumbukumbu, panga karatasi zako kwa tarehe, na uwaambie watu wa nyumbani, maana aibu ikikaa peke yake hufanya maamuzi mabaya. Kama huna uwezo na huna kosa, omba msamaha bila kuona haya, kwa kuwa uliwekwa kwa ajili yako. Hesabu ikishawekwa mezani na ikathibitika kwamba kuna pesa zisizo zako, zilipe zote, kwa awamu unazoziweza, na uchukue risiti ya kila moja.